Hesabu ya Misumari

Mlima ndio uliotangulia kutupa taka katika mji huu.
Ulitapika, ukatuachia jiwe jeusi
juu ya duka la mama yangu, Birere,
juu ya mizani yake na magunia saba ya maharage
ambayo hayakuuzwa wala kuliwa.

Leo nakaa pale pale na daftari na kalamu ya bluu.
Mimi ndiye mtunza stoo.
Ghorofa nne zinapanda: chini maduka ishirini na mawili,
katikati ofisi, juu nyumba za kupanga
zenye baraza ya kutazama ziwa.
Nyuma kuna mlima. Upande huo hakuna aliyeuulizia bei.

Patroni Ndagano alitaka matofali ya kuchoma,
malori kumi na manne, kutoka huko ambako miti bado ipo.
Injinia Kyakimwa akachuchumaa, akagonga chini kwa nyundo:
"Patroni, ukuta wako umeusimamia."

Basi, miezi minne tunaila ile lava
kama watu wanaolipa deni la ukoo.
Pande kubwa, ukuta. Pande dogo, kokoto.
Vumbi lake tunalichanganya, saruji inapungua.
Chukudu zinakuja tupu, zinaondoka zimejaa ziada
kwa wanaojenga vyoo kule Majengo.

Jumatatu. Mbao za kumwagia zege, arobaini zimetoka.
Zimerudi thelathini na nane.
Mbili nimezikuta kwa mama anayeuza sambaza,
zimekuwa meza, tena meza imara.
Nikaandika: zimerudi arobaini.

Jumanne. Nzanzu ananyoosha misumari
juu ya kipande cha reli, kofi moja ya nyundo, anageuza, kofi la pili.
Vijana walimwita daktari wa migongo.
Kisha barabara ikafungwa, bei ya kilo ikapanda mara tatu,
nao wakapanga foleni mbele ya kopo lake,
wapole kama wagonjwa.

Jumatano. Mifuko mitupu ya saruji, mia mbili na sita.
Hesabu hii hainikai kamwe.
Kila nikigeuka, mmoja umekwenda kubeba makala.

Ijumaa, saa moja ya usiku, lori.
"Vifusi vyote ziwani," Patroni alisema kwenye simu,
"giza limeingia, nani ataona?"
Dereva akaninyooshea karatasi nisaini.
Kalamu yangu ikagoma kuandika.
Si muujiza: sikuwa nimetoa kifuniko.

Kyakimwa akaja kwa pikipiki, matope hadi magotini.
Hakutaja samaki, hakutaja watoto wanaochota bidoni pale ufukweni.
Alipiga hesabu kwenye ubao kwa chaki:
mafuta ya lori, safari sita, na upande huu
kifusi cha kujazia chini ya maegesho, bure.
Patroni husoma tarakimu tu. Alitumiwa picha, akasoma.
Lori likaondoka tupu, likipiga honi kwa hasira.

Paa sasa lina mifereji, na mashimo tuliyochimba mawe
yamekuwa matangi. Mvua ya kwanza tunaiacha ipite,
inanuka kibiriti. Ya pili tunaipokea.
Vyoo vya maduka ishirini na mawili vitaoshwa na wingu.

Jana, karibu na nguzo ya tisa,
jiwe lilipasuka likatema sahani ya chuma,
imekunjamana kama sikio.
Wote walinitazama. Sijui nani aliwaambia.
Nzanzu akaipangusa kwa shati: "Niinyooshe?"

Daftari langu lina safu ya vinavyotoka na safu ya vinavyorudi.
Nikaandika: sahani ya mizani, moja.
Imetoka wapi: hapa.

Usiinyooshe, nikamwambia.
Misumari iliyonyooka sasa tunaiweka humo.
Iliyopinda bado iko kwenye kopo la maziwa.